Mkono Uliobaki Begani

Kabla hujaweka kitu chochote juu ya kioo, igeuze mashine taratibu uitazame tumboni. Karibu na kona, skana nyingi za zamani zina kidude cha plastiki chenye alama mbili: kufuli lililofungwa na kufuli lililofunguliwa. Kiwandani hukifunga ili taa isihangaike njiani. Usipokifungua, ukiwasha itaunguruma kama mbuzi aliyekabwa na ganda la ndizi, nawe utadhani umeuziwa mbovu.

Ninalijua hilo kwa sababu skana yangu ya kwanza niliirudisha dukani. Niliibeba kichwani kutoka Pasua hadi mjini, nikamweleza muuzaji kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa. Alinisikiliza hadi mwisho, akaigeuza, akasukuma kidude kwa ukucha, kisha akaniuliza kwa upole, "Kingine, mama?"

Sikuwa na kingine. Nikaibeba tena kurudi nayo.

Mnaniita Mama Rehema, na wengi wenu mmekulia mkiniona barazani: upande mmoja mume wangu na cherehani yake, upande wa pili mimi na skana, kompyuta na printa iliyofunikwa kitambaa kama mwali. Sasa macho yamechoka, na meza nimemwachia binti wa mdogo wangu. Yeye na wenzake ndio wanaoniuliza kila siku: shangazi, skana ya nini tena wakati simu inapiga picha?

Kwa risiti, simu inatosha. Kwa karatasi unayotaka isomeke tu, inatosha. Lakini piga kwa simu picha ya marehemu bibi yako, halafu itazame vizuri. Utaona kivuli cha kichwa chako mwenyewe kifuani mwa bibi, na upande mmoja mpana kuliko mwingine, kwa sababu mkono wako haukuwa sawa. Skana haina mkono wa kutetemeka. Taa yake inapita chini ya kioo kwa mwendo mmoja, na kila kipande cha picha kinapata mwanga uleule. Tofauti ni hiyo tu, lakini ni kubwa.

Sikusomea kazi hii. Programu ilikuja na kurasa za maelezo ambazo hakuna anayezisoma. Mimi nilizisoma, kamusi pembeni, ukurasa mmoja kila jioni kabla ya kupika. Lakini kurasa hukufundisha vitufe. Picha nilifundishwa na Mzee Kanti.

Mzee Kanti alikuwa na studio mjini tangu enzi za baba yake. Chumba cha giza kilipokosa kazi, akafunga, akawa anakuja kunywa chai kwetu na kutazama ninavyofanya. Mara ya kwanza kuniona nikishika picha ya mteja, aliweka kikombe chini.

"Mama Rehema, hiyo ni picha au ni kitumbua?"

"Nimekosea nini, mzee?"

"Dole gumba lako liko usoni mwa bibi harusi. Picha shika kwa kingo, kama chapati iliyotoka motoni. Ukiogopa kuungua, utashika vizuri."

Mpaka leo nikishika picha vidole vyangu hujihisi vinaungua. Ndiye pia aliyenikataza kupulizia dawa moja kwa moja kwenye kioo, kwa sababu maji hupenya ukingoni yakakaa ndani, na ndani hufiki. Lowesha kitambaa, siyo kioo. Kitambaa kiwe cha pamba kilichofuliwa mara nyingi, kisichoacha nyuzi. Na picha iliyogandana na kioo cha fremu yake, usiibandue. Iweke hivyohivyo, na kioo chake, uiskani. Nimewaona watu wakibandua, na sura ya baba mzima ikabaki kwenye kioo, karatasi ikatoka nyeupe.

Alikuwa na msemo mmoja aliourudia mpaka mume wangu akawa anaumalizia: "Mteja huangalia nyuso..."

"...fundi huangalia pembeni," mume wangu alikuwa akiitikia, mguu ukiendelea kukanyaga cherehani.

Nilidhani ni maneno ya mzee aliyezoea kukata picha kwa mkasi. Mpaka siku aliyokuja Anaeli.

Ila nisiruke jambo moja. Kila programu ya skana, hata ya bure, ina kitufe cha kuipitia picha harakaharaka ili uone imekaaje, kabla ya kuiskani yenyewe. Vijana mnakiruka kwa sababu kinakula muda. Barazani kwetu tulikiita kuonja. Mume wangu ndiye aliyeleta neno hilo. Alisema mwanamke anayepakua mboga bila kuonja asilalamike wageni wakiacha sahani. Ukishaonja, programu inakuchorea fremu ya vitonevitone kuzunguka kile inachodhani ni picha. Sikiliza neno hilo: inachodhani. Fremu hiyo unaweza kuishika kwa kipanya ukaivuta upande wowote. Lakini mashine za nyumbani za siku hizi, zile za kuskani, kutoa kopi na kuchapa, zina kitufe kimoja kikubwa mbele. Ukikibonyeza, mashine inaonja yenyewe, inakata yenyewe, inachapa yenyewe. Wewe unapokea tu.

Anaeli alikuwa na mashine ya namna hiyo. Ni mtu wa Siha, lakini ameishi Pasua miaka mingi akiuza misumari, bawaba na makufuli. Alifika asubuhi moja baada ya mwaka mpya, akasimama ngazini, bahasha mkononi.

"Hodi hapa."

"Karibu, mangi."

Hakukaa. "Mama Rehema, mashine yangu imemla kaka yangu."

Mume wangu hakuinua macho kwenye cherehani. "Amebaki nini?"

"Mkono."

Tulicheka, yeye hakucheka. Akatoa kwenye bahasha picha kubwa ya kung'aa, akailaza mezani. Katikati alikaa mwanamke kwenye kigoda mbele ya nyumba iliyopakwa chokaa, kitambaa kichwani, uso mkali wenye kucheka kwa ndani. Kulia alisimama mvulana wa sare za shule. Huyo ndiye Anaeli mwenyewe. Kushoto picha iliisha. Lakini juu ya bega la mama la upande huo palikuwa na vidole vinne na kipande cha kiganja. Mkono wa mtu, usio na mtu.

Akanieleza. Mama yao alishafariki, na baba kabla yake. Picha hiyo ndiyo pekee ambayo mama na wanawe wawili wamo pamoja. Alitaka kuikuza aitundike kwenye nyumba ya mama, kule kwenye kihamba, shamba la migomba la ukoo, ili ndugu wote wakirudi nyumbani kwa Krismasi waikute. Akabonyeza kitufe kikubwa. Ikatoka. Mama anang'aa, yeye anang'aa. Akaipeleka kuwekewa fremu, akapanda nayo kijijini, akaitundika.

Siku ya Krismasi nyumba imejaa, nyama iko jikoni, mtoto mmoja akanyoosha kidole ukutani na kuuliza kwa sauti ya kanisani, "Huo mkono wa nani?"

Kaka yake Kundaeli, mkubwa wao, alikuwa amekaa hapohapo chini. Akasimama, akaitazama picha. Akaweka chini kata yake ya mbege, ile pombe ya ndizi, bila kuimaliza, akachukua kofia yake, akarudi kwake Sanya Juu. Tangu hapo hakupokea simu.

"Na ile halisi unayo?" nikamuuliza.

Akaitoa. Ndogo, ungeifunika kwa kiganja. Nikaishika kwa kingo, nikaipeleka kwenye mwanga, na hapo ndipo msemo wa Mzee Kanti uliponiingia. Pembeni kushoto jua la dirishani lilikuwa limeila picha kwa miaka. Ukuta wa chokaa, shati jeupe la Kundaeli na ukingo mweupe wa karatasi vilikuwa vimekuwa maziwa mamoja. Kifuniko cha skana nacho ndani ni cheupe. Programu ya kukata yenyewe haijui mtu wala ukuta. Inatafuta weupe unapoishia, hapo ndipo inasema picha inaanzia. Kwake, Kundaeli alikuwa kifuniko.

Sasa shikeni hili, litawafaa. Picha iliyopauka ukingoni, usiiweke kwenye kioo peke yake. Weka karatasi nyeusi nyuma yake ndipo ufunike, na weupe wa picha utaonekana ulipoishia kweli. Zima ile ya kukata yenyewe. Zima na "kurudisha rangi," maana hiyo nayo ina mambo yake: niliwahi kuiacha ikiwaka, ikampaka padri mmoja midomo ya waridi. Nukta weka mia sita kwa inchi kama picha ni ndogo na unataka kuikuza. Kwa vyeti, mia tatu zinatosha. Usifanye kama mimi nilipoanza, nilipoweka kiwango cha juu kabisa kwa cheti cha darasa la saba. Mteja alisubiri, akalala kwenye benchi, umeme ukakatika, akaamka akaniuliza kama kimeiva. Ukizidisha nukta huongezi picha. Unaskani vumbi.

Nikaonja. Nikavuta fremu mpaka nje ya karatasi, ukaonekana weusi pande zote nne. Halafu nikaanza kuupunguza ule mwanga, kidogokidogo. Kwanza likaja sikio. Kisha kola. Kisha shavu. Tulimtoa yule mtu kwenye weupe kama unavyomtoa mtoto kwenye povu la sabuni, na alipotokea uso mzima alikuwa kijana mtanashati, anacheka kuliko wote, mkono wake begani mwa mama yake.

Anaeli aliinama karibu na kioo cha kompyuta. "Alikuwa anacheka," akasema. "Mimi nilisahau kama alikuwa anacheka."

Nikachapa. Nilidhani kazi imeisha. Vijana wangu, kazi ya picha haiishi kwenye printa.

Picha mpya aliipeleka Upendo, binti yake Anaeli, anayependwa na baba yake mkubwa kuliko watoto wake mwenyewe. Alipokelewa vizuri, akanyweshwa mtori wa ndizi, akaulizwa habari za mchumba. Alipoitoa picha, Kundaeli hakuifungua. Akamrudishia na maneno: "Mwambie baba yako, mkono wangu anao. Siku wakwe wakija, awapokee nao."

Hapo ndipo nilipoelewa uzito wake. Mimi ni mtu wa mjini. Kwetu tumechanganyika, babu mmoja wa Pangani, bibi Mpare, na wengine hatukuwauliza. Mila za Wachagga nimezijua kwa kuishi nao. Baba akiondoka, kaka mkubwa ndiye anayekaa kwenye kiti chake. Watu wa mchumba wa Upendo walikuwa waje kutoka Kahe baada ya Pasaka, kuja kusema neno lao, na wa kulipokea alikuwa Kundaeli. Asipokuwepo, wageni wangekaa, wangekunywa soda, wangesifia ndizi, wangerudi Kahe na neno lao tumboni. Upendo alikuja barazani mara moja kupimwa gauni na mume wangu. Alisimama mikono imenyooshwa, futi ya kitambaa shingoni, akasema, "Mama Rehema, mimi naolewa au naskaniwa?" Alisema kwa kucheka, lakini macho yake hayakuwa ya mzaha.

Wiki moja ya Kwaresima Anaeli akarudi. Safari hii mkononi alikuwa na jani. Jani refu la kijani, amelifunga fundo moja katikati.

Mnalijua. Sale, ule mmea wanaouotesha kwenye mipaka ya vihamba. Aliyekosa akimpelekea aliyemkosea jani lile limefungwa fundo, amemaliza. Wa upande wa pili hana ruhusa ya kukataa. Watu wameuana kwa ajili ya mashamba wakapatanishwa na jani lile.

"Niskanie hili," akasema. "Nimtumie kwenye simu."

Mume wangu alisimamisha cherehani. Ni mara chache.

"Kwa nini usimpelekee mwenyewe?" nikauliza.

"Akinifungia mlango?"

"Si unasema masale hayakataliwi?"

"Hayakataliwi yakifika, Mama Rehema. Mimi ndiye naweza kukataliwa kabla hayajafika."

Nilisita, nakiri, lakini kazi ni kazi na sikujua mila inasemaje juu ya kioo. Vitu vinene vinaskanika, mjue: majani, nyuzi za kufuma, ufunguo, hata kipande cha kiatu. Kifuniko hakitafunga, basi usikilazimishe, utapasua kioo. Tandaza kitambaa cheusi juu. Mume wangu alinikopesha kipande cha suti ya bwana harusi. Likaushe jani kwanza, tone moja la maji likibaki litaonekana kama jicho. Nikaonja. Programu, kwa kuwa mtu alikuwa amewasha tena ile kurudisha rangi, ikalileta jani la njano.

"Toa hiyo!" Anaeli aliruka. "Atasema hata jani nimeokota chini!"

Nikazima, likawa kijani. Likatoka zuri mno. Ungehesabu mishipa yake, na lile fundo ungetaka kulifungua kwa vidole. Akalituma palepale, akakaa kwenye benchi, simu juu ya goti. Mume wangu akampa chai. Chai ikapoa.

Simu ikalia mlio wa ujumbe. Ilikuwa picha. Kata ya mbege, imejaa, povu juu, imewekwa kwenye meza ya mbao na kupigwa kwa makini kabisa. Chini yake maneno: "Kunywa, mdogo wangu. Ukishiba, nijulishe."

Mume wangu alicheka mpaka akashika ukuta. Hata mimi. Anaeli aliitazama ile kata muda mrefu, halafu mdomo wake nao ukaanza kucheza.

"Huyo ndiye kaka yangu," akasema. "Ndiye kabisa."

Kesho yake tukapanda Sanya Juu kwa pikapu yake. Aliniomba niende na mashine. Wazo lake lilikuwa kwamba nimwonyeshe kaka yake, kwa macho yake, kwamba ni mashine iliyokata. Skana yangu hula umeme wa kompyuta kupitia waya mmoja, kwa hiyo hata kwenye shamba la mahindi ingefanya kazi. Niliipakata njia nzima, na kile kikufuli nilikifunga kwanza. Mambo mengine mtu hujifunza mara moja tu.

Kundaeli tulimkuta uani na mabuti ya mvua, anakatia ng'ombe majani. Mtu mkubwa, nywele zimekuwa nyeupe kama lile shati.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, mama. Karibu."

"Shikamoo, kaka," Anaeli akasema.

Kundaeli akaendelea kukata majani mpaka yakaisha. "Umeleta fundi," akasema. "Mkono umeharibika?"

Lakini mgeni ni mgeni. Tukakaribishwa ndani, mkewe akaleta chai ya maziwa kwa ajili yangu, na mimi nikafungua kompyuta juu ya meza ya chakula. Nikaiweka ile picha ndogo kwenye kioo bila karatasi nyeusi, nikawasha yote niliyowakataza nyinyi kuwasha, nikabonyeza. Taa ikapita chini ya kifuniko, polepole. Ikatokea kwenye kioo cha kompyuta: mama, Anaeli, mkono.

"Jamani!" mkewe akasema. "Kumbe kweli ni mashine."

Nikaanza maelezo yangu, weupe, kifuniko, ukingo. Nilikuwa nimeyapanga vizuri. Kundaeli alinisikiliza kwa heshima zote, akatikisa kichwa kuonyesha ameelewa, na kweli alikuwa ameelewa. Kisha akamgeukia mdogo wake.

"Mashine hainijui," akasema. "Siilaumu. Wewe unanijua. Uliishika ile picha. Ukaipeleka kwa fundi wa fremu, ukaisubiri. Ukaibeba njia yote hii. Ukapima ukuta, ukapiga msumari, ukarudi nyuma kutazama kama imenyooka. Hukuona kwamba sipo."

Hakuna programu ya kujibu hilo. Anaeli alitazama meza. Halafu akainuka, akatoka nje hadi kwenye pikapu, na aliporudi alikuwa na jani, siyo lile nililoliskani bali jingine, bichi, limekatwa asubuhi hiyo tulipopita kwenye mpaka wa kihamba cha mama yao. Akaja mbele ya kaka yake, akapiga goti, mtu mzima mwenye duka, akalishika kwa mikono miwili.

"Niliangalia mama," akasema. "Nikajiangalia na mimi. Basi."

Ng'ombe alilia nje. Mkewe alisimama mlangoni na birika mkononi, chai ikichuruzika sakafuni bila yeye kujua.

Akalipokea.

Hakusema nimekusamehe, kumbe haisemwi, jani limeshasema. Alilichomeka kwenye paa juu ya mlango, akarudi, akavuta kiti karibu na changu.

"Mama, hii fremu ya vitone, mtu anaweza kuishika?"

"Ndiyo, mzee. Kwa hiki hapa."

Akakishika kipanya kama anayeshika panya kweli. Nikaweka karatasi nyeusi, nikaonja. Akaitafuta kona ya fremu, ikamponyoka, akaipata, akaivuta kushoto. Akapita ukuta wa chokaa, akajipita yeye mwenyewe na kicheko chake, akapita ukingo wa karatasi, akaingia kwenye weusi, na bado anavuta.

"Hapo panatosha, mzee," nikasema. "Umeshaingia wote."

"Bado kidogo."

"Itabaki nafasi tupu."

"Ibaki," akasema, akavuta tena. Anaeli, nyuma yetu, alikuwa anacheka kimyakimya na machozi yake. "Hapo. Sasa skani."

Nimefanya kazi hii miaka mingi, na hiyo ndiyo picha pekee niliyowahi kuchapa ikiwa imekatwa vibaya kwa makusudi. Upande wa kulia umekaa sawa na ukingo. Upande wa kushoto una ukanda mweusi mpana kama mkono wa gauni. Fundi wa fremu aliniuliza kama aukate, nikamwambia akiugusa tutaonana.

Baada ya Pasaka watu wa Kahe walikuja, nami nilialikwa. Walitandikiwa kwenye nyumba ya mama, chini ya picha. Mbege ilizunguka, mimi nikapewa soda. Kundaeli alikaa kwenye kiti cha baba yao, amevaa suti aliyoshonewa na mume wangu, na kulia kwake alikuwa Anaeli. Upendo aliketi na shangazi zake, macho chini kama inavyotakiwa, lakini nilimwona akiyainua kila baba yake mkubwa alipofungua mdomo. Neno likasemwa, neno likapokelewa, vigelegele vikapigwa.

Wakati wa chakula, mjomba wa bwana harusi, mtu wa kutazamatazama, akanyanyua kichwa ukutani. Aliisifu picha. Akauliza yule anayecheka ni nani, akaambiwa. Kisha akasema, "Lakini mbona wameacha nafasi kubwa hivyo huku pembeni, nyeusi tupu?"

Anaeli akanitazama mimi. Mimi nikaitazama soda yangu.

Kundaeli alitafuna nyama yake taratibu, akameza.

"Hiyo ni ya mashine," akasema. "Ikisikia njaa, ianzie hapo."